Marehemu Brashi na Vilio Alivyovitundika Mlangoni

Tunayemzika leo alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Juni 1959, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha pili cha nyumba ya mabati nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Siku hiyo baba yake, mfua vyuma, alikuwa na jicho lililofumba kwa ngumi aliyoipata akigombea zamu ya bomba la maji, na mama yao alizoea kusema kwamba mtoto alitoka amekunja ngumi zote mbili, kama aliyesikia ugomvi tangu tumboni akaona asije mikono mitupu. Jina alilopewa na wazazi limo kwenye vyeti vyake. Tangu alipofika miaka kumi na saba hakuna aliyelitumia. Hata mama yake alimwita Brashi, na Brashi ndiye tutakayemsimulia.

Kile kibao kilichofunikwa kitambaa pale kichwani mwa kaburi kitafunuliwa wasifu huu ukiisha kusomwa. Mpaka juzi Jumanne kilikuwa cheupe, hakina hata nukta. Mjane alikuwa ametutangazia, mbele ya shemeji zake wote, kwamba kikibaki cheupe hakuna mtu atakayetia udongo. Nani angebisha? Wengi wenu mnaijua mikono yake.

Brashi alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1967 hadi Novemba 1973. Mwalimu wa nidhamu alikuwa akiwapanga wakosaji foleni kila Ijumaa, baada ya mapumziko, na kuwachapa mmoja mmoja mbele ya wenzao. Katika foleni ile Brashi aligundua jambo lililokuja kuwa kazi yake ya maisha: fimbo ni ileile lakini kila mtoto hulia kwa maneno yake. Mmoja alisema, “Si mimi, ni huyo!” Mwingine, “Nitamwambia bibi!” Mmoja, ambaye sasa ni mzee mwenye heshima zake na yupo hapa, alilia, “Hesabu vizuri, mwalimu!” Brashi aliyaandika yote kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la sayansi. Daftari likakamatwa. Alipigwa fimbo kumi na nne, na darasa zima lilinyoosha masikio kusikia yeye angesema nini. Aliuma ukosi wa shati mpaka ukatoka. Hakusema kitu.

Mwaka 1976 aliingia kazini kwa mchora vibao aliyekuwa na banda karibu na stendi ya malori. Bwana yule alifundisha kwa rula ya chuma. Herufi ikipinda, rula ilitua kwenye vifundo vya vidole. Brashi alijifunza herufi zote kubwa kwa miezi mitatu, na mkono wake wa kulia ulibaki na alama hizo kama mistari ya daftari.

Maduka ya tatuu yalianza kufunguliwa kwenye mtaa wa nyuma ya ghala la nafaka mwaka 1983. La kwanza liliitwa Tatuu Bora. La pili, Tatuu Bora Zaidi. La tatu, Tatuu Bora Kuliko Hizo. Vibao vyote vitatu alivichora Brashi, akiwa na miaka ishirini na minne, bila kujua anachowasha. Wiki ya pili mwenye Bora alivunja dirisha la Bora Zaidi kwa jiwe. Bora Zaidi akajibu kwa kigoda, akamtegua bega. Bora Kuliko Hizo alikwenda kuamua, akang'atwa sikio, na kipande chake hakikuonekana tena. Brashi alifika na ngazi yake begani, akawakuta wote watatu wamekaa kwenye ukingo wa mtaro wakivuja damu.

“Nyie watu wazima mnapigania neno moja,” aliwaambia.

“Tupe jingine basi, bingwa,” akasema yule wa sikio, amelishika kwa tambara.

Akawapa. Kuanzia hapo Brashi hakuchora tena kibao cha tatuu kwa jina la mwenye duka. Alikwenda asubuhi duka likifunguliwa, akakaa nyuma ya pazia ameelekea ukuta, akasubiri. Sindano ikiingia, mtu wa kwanza kulia kwa maneno ndiye aliyelipatia duka jina. Miguno haikuhesabiwa. Matusi aliyaacha yapite, akisema yanafanana mno. Na hakugeuka kutazama uso, wala hakuuliza aliyelia ni nani. Alisema kilio ni mali ya chumba.

Ndivyo tulivyopata vibao mnavyovijua. BASI INATOSHA. KWANI NI LAZIMA. UMEMALIZA? ambacho alama yake ya kuuliza ni sindano iliyopinda, na nukta yake ni tone jekundu. SITAKI TENA, ambacho herufi zake zote zimeinama kuelekea mlangoni kama zinakimbia. NANI KANITUMA. POLEPOLE WEWE. Watu walipanda basi kutoka mbali kuja kusoma mtaa ule tu, wakacheka, kisha mmoja wao akaingia akavua shati.

Mdogo wake, aliyezunguka miji mingi ya watu, alimweleza siku moja kwamba kokote alikopita maduka hayo hujipa majina ya kutisha: mafuvu, majoka, visu, moto. Brashi alikuwa anasafisha brashi kwa mafuta ya taa. “Hayo ni majina ya watu waliosimama nje,” alisema. “Mimi naandika ya walioingia.”

Mwaka 1986, tarehe 3 Machi, mwanamke wa kwanza kushika sindano mtaani pale alifungua duka lake. Wateja walimwita Wino. Brashi alikaa nyuma ya pazia lake siku tatu. Hakuna aliyelia. Mkono wa Wino ulikuwa mwepesi kupita kiasi, watu walisinzia kitini.

“Unaniharibia kazi,” Brashi alimwambia siku ya nne.

“Mimi? Lete mkono wako hapa tuone kama utanipa jina.”

Alimchora brashi ndogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na makusudi akaukandamiza. Brashi alitoka jasho mpaka kwenye nyusi, lakini kinywa hakikufunguka. Wakati huohuo mteja mlevi aliingia akaanza kumvuta Wino nguo. Wino hakuiweka chini mashine. Alichukua kiti cha chuma kwa mkono mwingine akampiga nacho jamaa yule mpaka kizingitini, akarudi akamalizia manyoya ya brashi. Brashi alisimulia mara nyingi kwamba aliamua kuoa kabla kile kiti hakijatua. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 25 Aprili 1987, wakajaliwa watoto watatu. Duka la mkewe likabaki na kibao cheupe juu ya mlango. Karibu miaka kumi na minne mchora vibao wa mtaa mzima alikuwa na mke asiye na kibao, na mtaa haukuacha kumtania. Wino alicheka nao. Nyumbani hakuwa anacheka.

Sasa tuseme kilichotokea mwaka 2001, kwa sababu marehemu hakupenda wasifu unaoruka shimo.

Aliyekuwa mkuu wa wabeba mizigo pale ghalani aliitwa Nondo. Alitawala kwa ngumi, na aliyembishia alilala chini. Tarehe 20 Februari alikuja kwa Wino kuchorwa simba mbavuni. Kwenye ngozi hiyo palikuwa na kovu la kisu, na sindano ilipolivuka, Nondo, mtu wa kilo mia na kumi, alipaza sauti: “Mama njoo unichukue!”

Brashi alikuwa nyuma ya pazia siku hiyo, ameelekea ukuta kama kawaida yake, akichanganya rangi. Aliangusha kopo. Miaka kumi na mitano! Hakugeuka, hakuuliza. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walitazama sakafu. Nondo alimshika Wino mkono, akasema kwa sauti ndogo, “Hujasikia kitu.”

“Sijasikia,” alijibu Wino.

Nondo alipoondoka, Brashi alitoka uso unang'aa kama wa mtoto. “Mke wangu, umepata! Nikiandike?”

Wino alijua ni kilio cha nani. Alijua mtu yule alivyo. Ametuomba tuliseme hili leo mbele ya wote, kwa sababu mumewe hakumlaumu hata siku moja na yeye hajaacha kujilaumu. Alikitazama kile kibao cheupe, akasema, “Kiandike.”

Kesho yake saa tatu asubuhi MAMA NJOO UNICHUKUE ilikuwa juu ya mlango, herufi nyekundu juu ya rangi ya kijani. Wale wawili wa benchi walikuwa na midomo. Kufikia saa sita wabeba mizigo walikuwa wanaitana kwa maneno hayo chini ya magunia.

Nondo alikipasua kibao kwa shoka siku hiyohiyo. Brashi akachora kingine. Hapo ndipo alipoambiwa kilio ni cha nani, akashtuka, lakini akasema, “Kibao hakimtaji mtu.” Wiki iliyofuata duka lilimwagiwa petroli, mlango ukaungua, na binti yao mkubwa akatolewa dirishani nyusi zimeteketea. Brashi akachora kingine. Mwezi Aprili wanaume wanne waliivunja ngazi akiwa juu yake, wakamkanyaga mpaka mbavu mbili zikavunjika. Wino alisema, “Tukitoe, baba. Nakuomba, tukitoe.” Brashi akachora kingine amekaa chini, amefungwa bandeji kifuani, watoto wake wakimshikia ubao.

Ijumaa, tarehe 11 Mei, saa nane mchana, Nondo alimkuta peke yake kwenye stoo ya rangi, akafunga mlango kwa ndani. Aliulaza mkono wa kulia wa Brashi juu ya meza na kuupiga kwa nyundo ya seremala. Alianza na kidole kidogo. Daktari alihesabu mifupa kumi na tisa. Karakana ya mbao ya jirani ilikuwa inapasua magogo, msumeno unapiga kelele, kwa hiyo majirani walisikia sauti ya mtu lakini hawakusikia maneno. Wino alikuja kwa sababu rangi nyeupe ilikuwa inatiririka chini ya mlango na ilikuwa inabadilika kuwa waridi. Alivunja mlango kwa kile kiti cha chuma, na kwa kiti hichohicho akavunja taya la Nondo na meno yake manne. Walitenganishwa na watu saba. Nondo alifungwa miaka mitatu. Mkono wa marehemu haukufunguka tena. Ile brashi ndogo iliyochorwa kifundoni ilibaki imejikunja pamoja na ngozi.

Wenye maduka walikwenda hospitali kumwona. Wamebeba matunda, wamevaa nyuso za huzuni, na swali moja limewakaa kooni. Mwishowe yule wa sikio akashindwa.

“Kaka, usinichukie. Ulilia nini?”

Wodi yote iligeuza shingo.

“Sikulia,” alisema Brashi, akageukia ukuta.

Hakuna aliyemwamini. Sauti ilisikika mpaka barabarani. Walibembeleza, walitega, mwaka hadi mwaka walimnywesha ili aropoke. Mtu aliyeuvua mtaa mzima siri ya kinywa chake aliificha ya kwake. Wapo waliosema si haki. Mkewe mwenyewe alimuuliza mara moja tu, akamwona anavyoutazama mkono wake wa kushoto, hakurudia.

Alianza kuandika kwa kushoto mwezi Agosti mwaka huo. Herufi zake za kwanza zilifanana na miguu ya kuku waliokanyaga wino. Alizifuta, akaanza tena, akauma meno, akautupa ubao, akauokota. Kibao cha kwanza alichokamilisha kwa mkono huo ni kilekile cha mkewe, na kipo mpaka leo. Baada ya miaka miwili watu waliomba vya kushoto. Walisema vina mtetemo, kama vimeandikwa na mwenye kuchomwa sindano mwenyewe. Kati ya vibao thelathini na vinne vinavyoning'inia mtaani sasa, ishirini na saba ni vya mkono wa kushoto. Mkono huo ulisomesha watoto watatu, ulijenga vyumba vinne, na miaka ishirini na mitatu haukukosa kazi.

Jumatatu, tarehe 3 Machi mwaka huu, alikuwa juu ya ngazi akipaka upya BASI INATOSHA. Chini yake wateja wawili waligombania zamu. Mmoja alimpiga mwenzake kichwa cha pua, mwenzake akamsukuma, akaangukia ngazi. Brashi alishuka mita nne na kutua kifua kwenye mfuniko wa chuma wa mtaro. Ugomvi haukuwa wake. Wagombanaji wenyewe ndio waliombeba, mmoja akilia kuliko mgonjwa. Mbavu zilezile za mwaka 2001 zilichoma pafu. Alilazwa wodi namba sita siku kumi na moja, na wauguzi walifanya kila walichoweza, tunawashukuru.

Alhamisi tarehe 13, saa tisa alasiri, alimwambia mkewe, “Kibao changu kiandikwe kama vya wengine.”

“Kwa kilio kipi? Hujawahi kulia mbele yangu.”

“Nililia mara moja.”

“Ulisema nini?”

Alivuta pumzi kwa shida. Walio karibu wanasema alikuwa anatabasamu. “Kamuulize Nondo.”

Alifariki kesho yake, Ijumaa, saa nne asubuhi.

Siku tatu mjane hakutaka kulisikia jina hilo. Kibao kilipakwa rangi nyeupe, kikaegemezwa ukutani sebuleni, na kila aliyeingia kutoa pole alikitazama, akatazama pembeni. Jumanne saa tatu asubuhi alijifunga kanga yake vizuri, akamwambia mdogo wa marehemu, “Shemeji, twende. Nikimpiga, usinishike haraka.”

Nondo siku hizi ni mlinzi wa lango la ghala alilolitawala. Ana miaka sabini na miwili, fimbo ya kutembelea, na taya lililoteguka upande wa kushoto. Alimwona Wino anakuja, akainuka kwenye benchi taratibu.

“Umekuja kumalizia upande uliobaki?”

“Upande uliobaki utasubiri. Brashi amekufa.”

“Nimesikia. Pole, shemeji.”

“Mimi si shemeji yako. Aliniagiza kwako. Siku ile, ulipompiga, alilia nini?”

Mzee yule aliketi tena. Lori lilipiga honi likitaka lango lifunguliwe, hakulijali.

“Hakukuambia?”

“Ningekuja hapa?”

“Alisema, ‘Chukua wa kushoto,’” alisema Nondo. “Mara tatu. ‘Chukua wa kushoto! Chukua wa kushoto!’ Akaunyoosha mwenyewe juu ya meza, akaupanua vidole, kama anayenipa kitu.”

“Na wewe?”

“Nilijua wa kazi ni upi.”

Wino alikunja ngumi. Mdogo wa marehemu alishasogea kumdaka.

“Mbona hukusema?” Wino aliuliza. “Alikuaibisha mtaa mzima. Ungemlipa.”

“Nilipanga hivyo. Gerezani miaka mitatu nilikipanga nitakavyokisimulia, mpaka sauti yake nilijifunza kuiga. Nikatoka. Siku ya kwanza napita mtaani namwona juu ya ngazi, ameshika brashi kwa mkono uleule aliokuwa ananipa niuvunje.” Alijifuta mdomo uliopinda. “Sikuweza.”

Hapo ndipo mjane alipolia, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Alielewa kwa nini mumewe alinyamaza, na kwa nini alikuwa akiutazama vile. Alisema, “Aliuonea haya mkono wake. Aliutoa, na ndio ukamlisha.”

Nondo aliomba ruhusa ya kuja kuzika. Wino alifikiri, akajibu, “Simama nyuma kabisa. Na mikono iwe mfukoni.” Yupo, nyuma kabisa, mikono mfukoni.

Kibao ameandika mjane mwenyewe, hakutaka fundi. Ameandika kwa mkono wake wa kushoto, ambao haujawahi kushika hata sindano, na ilimchukua siku nzima ya jana. Msishangae kuona herufi ya W imelala kidogo. Kinasema: CHUKUA WA KUSHOTO. Atakayetaka kucheka acheke. Marehemu hakuwahi kuandika kibao cha watu kuhuzunikia.

Ameacha mjane, binti wawili na mtoto wa kiume, wajukuu watano, dada wawili na mdogo wake mmoja, pamoja na yule wa sikio, ambaye anasema aandikwe kama ndugu, na tumemwandika, na vibao thelathini na vinne, kimoja kikiwa kimepakwa nusu. Wenye maduka wamekubaliana kwamba BASI INATOSHA kibaki hivyohivyo, neno la kwanza jipya, la pili limechakaa.

Apumzike kwa amani, na mkono wake wa kushoto upumzike naye.